Gitaa la Umeme la Kigali na Mikono Iliyolipa Sauti

Wimbo wa Orchestre Impala ukianza redioni, mzee wa Kigali hamsubiri mwimbaji ndipo ajue anasikiliza bendi gani. Gitaa la solo huingia kwanza, safi, jembamba, lisilo na haraka, na noti zake chache zimeshamaliza utambulisho. Impala walitamba Rwanda miaka ya 1970 na 1980, na hadi leo nyimbo zao husikika katika vipindi vya karahanyuze, jina ambalo Wanyarwanda wameupa muziki wa zamani waupendao. Sauti ile ilipatikanaje? Vijana wengi wanaojifunza gitaa mjini hujibu kwa kutaja bei: gitaa la kampuni fulani, amplifaya ya aina fulani, kisanduku cha kubadilisha sauti kinachokanyagwa kwa mguu. Historia ya muziki wa ukanda huu inatoa jibu jingine, nami naliamini hilo zaidi.

Chombo chenyewe si cha zamani. Mwaka 1932, huko California, watengenezaji wa Rickenbacker walianza kuuza gitaa la umeme alilolibuni George Beauchamp, ambalo watu waliliita kikaango kwa sababu ya umbo lake. Chini ya nyuzi palikaa sumaku na waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi mno. Uzi wa chuma ukitikisika karibu na sumaku, mkondo mdogo wa umeme huzaliwa ndani ya ule waya, huenda kwenye amplifaya, kisha spika inaugeuza kuwa sauti. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hazifai hapo: sumaku haizisikii. Telecaster ya Fender ya mwaka 1951, Les Paul ya Gibson ya 1952 na Stratocaster ya 1954 zilikuja na maumbo mapya, lakini kazi ya sumaku na waya ni ile ile.

Sumaku hiyo hainasi noti peke yake. Inanasa kila kitu ambacho mkono unaufanyia uzi. Ukiupiga karibu na daraja, sauti ni kali; ukisogea kuelekea shingo ya gitaa, inanenepa. Kucha hutoa sauti moja, nyama ya kidole nyingine. Mkono wa kushoto ukiachia mapema noti inakatika, ukichelewa noti mbili zinavaana. Amplifaya haina uwezo wa kuongeza usichokileta. Inakuza ulicholeta, pamoja na kasoro zake.

Mikono ya ukanda wetu ilikuwa imefunzwa kabla umeme haujafika. Miaka ya 1920, kampuni ya madini ya Union Minière ilikuwa ikiajiri vibarua kutoka Rwanda na kuwapeleka Katanga, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya migodini. Huko Katanga ndiko mtindo wa kudonoa gitaa kavu kwa vidole ulikostawi. Mwaka 1952, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda mjini Jadotville, leo Likasi. Mwenda aliimba kwa Kiswahili, na kwa gitaa moja alipiga besi, rithimu na solo kwa pamoja. Kila uzi ulisikika mahali pake, bila kufunikwa na mwenzake.

Gitaa la umeme lilipoingia Kinshasa, usafi huo ulibaki. Nico Kasanda, aliyeitwa Docteur Nico, alipiga solo ya wimbo «Indépendance Cha Cha» mjini Brussels mwaka 1960 akiwa na bendi ya African Jazz, na gitaa lake lilielea juu ya bendi nzima bila kupiga kelele. Franco wa bendi ya OK Jazz alikuwa kinyume chake: alidonoa kwa gumba na kidole cha shahada, akarudia kifungu kimoja kifupi mpaka wachezaji wapagawe. Vyombo vya aina moja, mji mmoja, miaka ile ile, na bado hakuna aliyewachanganya watu hawa wawili. Wakongo wakaongeza pia gitaa la tatu, mi-solo, likae kati ya solo na rithimu. Katika baadhi ya magitaa hayo uzi wa nne ulitolewa, ukawekwa uzi mwembamba uliopandishwa oktava moja. Ufundi huo haukuhitaji kiwanda, ulihitaji uzi mmoja wa ziada.

Tanzania inathibitisha kwa njia nyingine kwamba sauti ni ya mkono. Bendi nyingi za Dar es Salaam zilikuwa mali ya taasisi, kama NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. Mpiga solo aliyehama aliliacha gitaa nyuma na kuondoka na sauti yake. Mbaraka Mwinshehe alipotoka Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano mwaka 1973, mashabiki walimtambua pale pale, kwa namna alivyouvuta uzi.

Muziki huu wote uliifikia Kigali, kwa mawimbi ya redio na kwa wanamuziki waliovuka mipaka. Radio Rwanda ilianza mwaka 1961, na mitaa kama Nyamirambo na Biryogo, ambako Waswahili wa Kigali wameishi tangu enzi za ukoloni, ilikuwa na masikio yaliyozoea nyimbo za kutoka Kongo, Kenya na Tanzania. Lakini Kigali haikunakili. Rwanda ilikuwa na inanga, zeze la ubao wenye umbo la sinia refu, ambalo uzi mmoja hupitishwa huku na huko mpaka unakuwa safu ya nyuzi nane au zaidi. Liliwaliza na kuwaliwaza wakubwa katika baraza za wafalme. Mpiga inanga huimba au husimulia, na vidole vyake hurudia kifungu kifupi kinachoshuka, kisha vinatulia ili maneno yapite. Kinyarwanda chenyewe ni lugha ya toni: ukipandisha silabi isiyostahili unaweza kupata neno jingine, kwa hiyo muziki hulazimika kuyaheshimu maneno.

Ninaposikiliza solo za Impala nausikia utulivu huo. Mdundo ni wa rumba na vyombo ni vya mjini, ila gitaa halimfukuzi mwimbaji. Linamjibu, linanyamaza, linarudi. Kwangu mimi hapo ndipo ukubwa wa sauti ya gitaa ulipo: mpigaji anajua mahali pa kunyamaza, na hata anaponyamaza unajua ni yeye.

Ujuzi wa namna hii haukuandikwa. Ulipita kwa kijana kukaa pembeni ya mkubwa na kutazama vidole. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mnyororo huo ulikatwa. Sebanani André, mwimbaji wa Impala na mwigizaji wa michezo ya Radio Rwanda, aliuawa. Cyprien Rugamba, mtunzi na mlezi wa kundi la Amasimbi n'Amakombe, aliuawa pamoja na mkewe Daphrose tarehe 7 Aprili. Wengine wengi waliuawa, na wengine wakatawanyika. Waliokuwa na umri wa kujifunza walibaki bila wa kumtazama.

Sehemu ya mnyororo ilikuwa imehifadhiwa nje. Jacques Murigande, anayejulikana kama Mighty Popo, alizaliwa Burundi katika familia ya wakimbizi wa Kinyarwanda, akahamia Kanada na kuwa mpiga gitaa wa kutajika. Albamu ya African Guitar Summit, aliyoshiriki pamoja na wapiga gitaa wengine wa Kiafrika akiwemo Adam Solomon wa Mombasa, ilishinda tuzo ya muziki ya Kanada, Juno, mwaka 2005. Alirudi nyumbani, akaanzisha tamasha la Kigali Up mwaka 2011, kisha akaongoza shule ya muziki iliyofunguliwa Nyundo, wilayani Rubavu, mwaka 2014, ambayo baadaye ilihamia Muhanga. Sebeya Band na mwimbaji Ariel Wayz ni matunda ya shule hiyo. Na Impala nao walifufuliwa na waliosalia, akiwemo Mimi La Rose.

Vijana hawa wanapiga vizuri, na jukwaa wanalo. Ninachokitamani kwao ni masikio ya zamani. Rekodi za bendi za Kigali zinazopigwa redioni zingestahili kuingia darasani, wimbo kwa wimbo, pamoja na za wapiga inanga kama Thomas Kirusu na binti yake Sophie Nzayisenga. Mwalimu aanze na solo moja ya Impala. Wanafunzi waipige kwa gitaa lolote lililopo shuleni, amplifaya ikiwa wazi bila kisanduku chochote, na wasiruhusiwe kuhamia wimbo wa pili mpaka mahali pa kunyamaza pamefanana.