Chura wa Kihansi na Jina Lililochelewa

Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Lakini yuko chura wa milima ya Udzungwa, mdogo kuliko kidole gumba, ambaye kelele zake zilifika hadi Benki ya Dunia. Leo, ndugu msikilizaji, tuitazame habari yake, na hasa swali ambalo wengi hulidharau: chura huyu ni wa ukoo gani?

Kwetu sisi chura ni chura tu. Wataalamu hawaridhiki hivyo. Mwaka 1905, nchi hii ikiwa koloni la Wajerumani, Gustav Tornier alieleza chura wa milimani asiyetaga mayai majini. Huzaa watoto waliokwisha kuwa vyura kamili. Ajabu ni kwamba Tornier alimtia katika jenasi Pseudophryne, ambayo ni ya vyura wa Australia! Mwaka 1926 Mmarekani G. K. Noble akawapa vyura wetu jenasi yao wenyewe, Nectophrynoides.

Jenasi hiyo nayo ikageuka kapu. Chura wa mlima Nimba, Afrika Magharibi, alitiwa humo mwaka 1943 kwa kuwa naye huzaa. Baadaye wakaingizwa wa Ethiopia. Katika miaka ya 1980 wote hao walitolewa, wakapewa majina yao. Kufanana kwa uzazi si lazima kuwe undugu. Leo Nectophrynoides ni wa Tanzania peke yake.

Mtu atauliza: kubadilisha majina huku kunatufaa nini? Jibu liko Kihansi. Desemba 1996, ujenzi wa bwawa la umeme ukiwa umekwisha kuanza, watafiti walikuta katika manyunyu ya maporomoko vyura wadogo wa manjano. Jina lao, Nectophrynoides asperginis, lilichapishwa mwaka 1999. Ndipo ikathibitika kwamba hawa si wale wa milima mingine. Makao yao yote duniani yalikuwa korongo hilo moja.

Jina lilikuja, lakini mradi wa megawati 180 ulikuwa ukingoni kukamilika. Maji yakaelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakauka. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani kutunzwa. Korongoni ikawekwa mitambo ya kunyunyiza maji, lakini mwaka 2003 vyura waliobaki walipukutika, na ugonjwa wa kuvu ukaonekana miongoni mwao. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba wametoweka porini. Wajukuu wa wale 499 walirejeshwa Dar es Salaam mwaka 2010, na Kihansi mwaka 2012.

Hatusemi umeme haukuhitajika. Kila anayewasha taa anajua thamani yake. Kosa lilikuwa katika utaratibu: tulipima maji kwanza, tukahesabu viumbe baadaye.

Na hesabu haijaisha. Mwaka 2025 wataalamu, wakisaidiwa na vinasaba vya vyura waliohifadhiwa makumbusho kwa zaidi ya miaka mia, walieleza spishi tatu mpya katika kundi la yule chura wa Tornier. Tuliyedhani ni mmoja, kumbe ni kadhaa, kila mmoja na mlima wake. Anayefyeka msitu mmoja akidhani chura yuleyule amebaki katika msitu wa pili, anaweza kumaliza aina nzima bila habari. Basi kazi ya kuwapambanua vyura na itangulie shoka na buldoza.