Dawa za sonona: onyo lililochelewa kwa miaka 60

Mwezi Mei mwaka 2019, Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Uingereza kilikiri hadharani kwamba baadhi ya wagonjwa wanaoacha dawa za kutibu sonona hupatwa na dalili kali, zinazoweza kudumu kwa majuma au hata miezi. Kabla ya hapo madaktari wengi waliwaambia wagonjwa kuwa dalili hizo ni hafifu na humalizika baada ya wiki moja au mbili.

Msikilizaji anaweza kudhani kuwa huo ulikuwa ugunduzi mpya. La hasha. Tahadhari hiyo iliandikwa katika majarida ya tiba miaka 60 kabla yake.

Mwanzo wa dawa hizo

Dawa ya kwanza ya aina hii ilitokana na tiba ya kifua kikuu. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View mjini New York, wagonjwa waliopewa iproniazidi walichangamka kupita matarajio. Mwaka 1957 Dakta Nathan Kline na wenzake walieleza manufaa yake kwa wenye sonona. Hata hivyo dawa hiyo ilidhuru ini, na mwaka 1961 iliondolewa katika soko la Marekani.

Nchini Uswisi, Dakta Roland Kuhn wa hospitali ya Münsterlingen alitangaza matokeo ya imipramini mwaka huohuo wa 1957. Uchunguzi ulioagizwa na jimbo la Thurgau na kuchapishwa mwaka 2019 ulibainisha kwamba katika hospitali hiyo dawa zisizoidhinishwa zilijaribiwa kwa miongo kadhaa kwa wagonjwa zaidi ya 1,000.

Ilipofika mwaka 1959, madaktari waliripoti kuwa walioacha imipramini ghafla walipata kichefuchefu, maumivu ya kichwa na kukosa usingizi. Wachache walizingatia.

Jina la upole

Mwezi Desemba 1987 Marekani iliidhinisha Prozac, na dawa za kizazi kipya zikaenea duniani. Dalili za kuziacha zilipojitokeza, katika miaka ya 1990 wataalamu waliepuka neno linalotumika kwa mihadarati, wakachagua jina la upole zaidi. Walikuwa na hoja: mgonjwa wa sonona hatamani dawa kama mraibu. Lakini mwili huzoea dawa hata pasipo uraibu. Kwa kuwa jambo hilo halikuelezwa wazi, kizunguzungu, wasiwasi na hisia kama ya kupigwa na umeme kichwani mara nyingi vilidhaniwa kuwa ugonjwa umerudi, na mgonjwa akarejeshwa kwenye vidonge.

Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali kuhusu fikra za kujiua kwa watoto na vijana wanaotumia dawa hizi. Mwaka 2007 onyo hilo lilipanuliwa hadi umri wa miaka 24.

Takwimu zaleta uwiano

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Lancet Psychiatry ulionyesha kwamba takriban mgonjwa 1 kati ya 3 hupata dalili anapoacha dawa. Miongoni mwa walioacha vidonge visivyo na dawa, alikuwa 1 kati ya 6. Dalili kali zilimpata takriban mgonjwa 1 kati ya 35. Hatari ipo, ila si kwa kila mtu, na dawa hizi zimewaokoa wengi.

Iwe mtaa wa Al-Baghdadiyah mjini Jidda, Mombasa au Unguja, mwezi wa Ramadhani hubadili saa za kumeza dawa. Nyingi kati ya dawa hizi humezwa mara moja kwa siku, hivyo daktari anaweza kuzihamishia wakati wa futari au daku. Kuziacha kwa mwezi mzima ni jambo jingine. Vivyo hivyo kwa mgonjwa wa Afrika Mashariki ambaye dawa imemwishia na kituo cha afya hakina nyingine: ni heri amwone daktari mapema, kabla ya kidonge cha mwisho.

Anayetaka kuacha hupunguziwa kipimo kidogo kidogo, kwa majuma au miezi, chini ya uangalizi wa daktari.