Chumba cha uani Nyamasaria: Msingi na paa kwanza, ukuta baadaye

Saa nane za mchana mwezi wa Februari, chumba cha mabati kisicho na dari hakikaliki Nyamasaria. Mwenyewe hutoa kiti nje na kuketi chini ya mwembe hadi jua literemke. Miezi miwili baadaye, mvua za masika zinaposhika kasi, chumba hicho hicho huwa na adha nyingine. Maji hupenya chini ya mlango, na kishindo cha mvua juu ya bati huzima mazungumzo. Fedha zimetumika, chumba kipo, lakini faida yake hupatikana kwa miezi michache tu ya mwaka.

Hali hii huzikumba familia nyingi katika mtaa huo ulio mashariki mwa jiji la Kisumu, kando ya barabara kuu ya kwenda Nairobi. Mwenye kiwanja chenye nafasi hupenda kuongeza chumba uani. Huenda kijana wa nyumbani amefikia umri wa kulala peke yake, au mama anatafuta mahali pa kuweka cherehani, au mfanyakazi anataka ofisi tulivu nyumbani. Miongoni mwa Waluo jambo hili si geni. Nyumba ya kijana ambaye hajaoa, iitwayo simba, imekuwa sehemu ya boma tangu enzi za kuta za udongo na paa za nyasi. Kilichobadilika ni vifaa, na pamoja navyo yamebadilika makosa ya ujenzi.

Kosa kubwa ni mpangilio wa maamuzi. Wajenzi wengi huanza kwa kujiuliza kama ukuta utakuwa wa mbao, wa mabati au wa matofali. Hapa Nyamasaria, swali la ukuta ni la tatu. La kwanza ni ardhi, na la pili ni paa.

Adui si baridi

Nyumba ndogo za mbao za bustani zilizoenea Ulaya ya kaskazini hujengwa ili joto la ndani lisitoke nje wakati wa theluji. Kuta, sakafu na paa hujazwa vizuia joto pande zote. Anayeiga mpango huo kama ulivyo hutumia fedha pasipohitajika.

Kisumu iko kilomita chache kusini mwa ikweta, mstari unaopita Maseno, na mwinuko wake ni mita zipatazo 1,130 juu ya usawa wa bahari. Mchana joto hufika nyuzi 28 hadi 31 za Selsiasi karibu mwaka mzima, na usiku hushuka hadi 17 au 18. Jua hupita karibu moja kwa moja juu ya utosi mwezi wa Machi na wa Septemba, na katika miezi mingine haliendi mbali. Kwa sababu hiyo, paa ndilo hupokea sehemu kubwa ya joto. Hufuatwa na ukuta wa mashariki asubuhi na wa magharibi jioni, ilhali kuta za kaskazini na kusini hupata jua kidogo.

Kutokana na hayo, upande mrefu wa chumba unafaa kulazwa kutoka mashariki hadi magharibi, na madirisha makubwa yawekwe kaskazini na kusini. Alasiri upepo mwanana huvuma kutoka ziwani, yaani upande wa magharibi. Anayetaka dirisha huko kwa ajili ya hewa na alifunike kwa baraza au upenu mpana, jua la jioni lisiingie.

Ardhi inayotembea

Sehemu kubwa ya tambarare za Kano, ambazo Nyamasaria iko ukingoni mwake, ina udongo mweusi wa kunata. Udongo huu hufura unaponyonya maji na kunywea unapokauka, ukiacha nyufa ambazo mtu aweza kuingiza mkono. Msingi mwepesi wa mawe uliowekwa juu yake huinuliwa upande mmoja wakati wa mvua na kushushwa wakati wa kiangazi, na ukuta wa matofali hupasuka kuanzia pembe za madirisha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa wa aina hii hauzibiki kwa lipu. Chanzo chake kiko chini.

Tiba ziko tatu. Ya kwanza ni kuchimba na kuuondoa udongo mweusi hadi kufikia tabaka gumu, kisha kujaza changarawe inayoshindiliwa kwa tabaka nyembamba. Ya pili, pale udongo huo unapokwenda chini sana, ni kumwaga bamba moja la zege lenye nondo chini ya chumba kizima, ili likisogea lisogee pamoja. Ya tatu ni kuinua chumba chepesi juu ya nguzo fupi za zege. Hapo ndipo nyumba ya mbao inapolishinda tofali. Mbao huvumilia kusogea kidogo, na nguzo ikizama fundi huweza kusawazisha sakafu kwa kuongeza kabari, bila kubomoa chochote.

Nguzo hizo husaidia pia katika suala la mafuriko. Mto Nyamasaria huteremsha maji ya vilima vya Nandi kuelekea Ghuba ya Winam, na mvua ikinyesha milimani mto huweza kufurika hata kama mtaani ni kukavu. Mwezi wa Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalifika mita 13.42 katika kipimo cha Jinja, yakaipita rekodi ya mita 13.41 iliyowekwa Mei 1964 baada ya mvua kubwa za miaka ya Uhuru. Ziwa likijaa kiasi hicho, mito inayoingia humo hukosa kasi ya kutiririka na maji hutanda nchi kavu. Mwaka 2024 mafuriko yaliwasumbua tena wakazi wa kanda ya ziwa.

Kabla ya kupima kiwanja, mwenye nyumba na awaulize majirani waliokaa muda mrefu maji yalifika wapi mwaka 2020 na 2024. Alama hiyo ndiyo kipimo. Sakafu na iwe angalau sentimita 30 juu yake. Palipofikiwa na maji ya kiunoni hapafai chumba cha kulala, hata kiwe cha vifaa gani. Jambo hili lina uzito katika boma linalofuata mila, kwani simba hujengwa karibu na lango. Lango likiwa upande wa chini wa kiwanja, chumba cha kijana ndicho cha kwanza kufikiwa na maji. Familia inaweza kuiheshimu mila na bado ikainua sakafu.

Paa na dari

Bati lisilopakwa rangi huweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi likiwa juani. Chuma hupitisha joto mara mia kadhaa kuliko mbao, kwa hiyo upande wa ndani huwa moto sawa na wa nje, na joto humshukia aliye chini kama la tanuri. Kuongeza unene wa bati hakusaidii hapa. Geji huhusu uimara: kadiri namba yake inavyopanda, ndivyo bati linavyokuwa jembamba, na geji 28 hustahimili kupigwa na mvua ya mawe kuliko geji 30. Joto huzuiwa kwa njia nyingine.

Njia rahisi ni rangi. Bati jeupe au la rangi hafifu hurudisha sehemu kubwa ya miale, ilhali jekundu iliyoiva, kijani kibichi na nyeusi huimeza. Inayofuata ni karatasi ya alumini inayotandikwa chini ya bati. Hiyo hufanya kazi pale tu panapoachwa nafasi ya hewa kati yake na bati, kwani ikigusana na bati hupokea joto na kulipitisha.

Njia ya tatu, ambayo haifai kuachwa kwa vyovyote, ni dari. Polistirini, ule weupe mwepesi unaofungiwa runinga mpya ndani ya boksi, ina uwezo mkubwa. Unene wa sentimita 5 tu huzuia joto takriban sawa na ukuta wa matofali wenye unene wa mita moja. Hata hivyo hushika moto upesi na kutoa moshi wa hatari. Lazima ifunikwe kwa mbao za dari au lipu, na nyaya za umeme zipitishwe ndani ya mabomba yake. Sufi inayotengenezwa kwa mawe yaliyoyeyushwa haiungui, lakini ikilowa hupoteza kazi yake, kwa hiyo paa linalovuja na litengenezwe kwanza.

Kwa mwenye fedha chache, jibu liko karibu. Mikeka ya mafunjo, inayosukwa kwa matete ya kandokando ya ziwa kama yale ya Dunga, hufaa kuwa dari. Mashina ya mafunjo yana hewa nyingi ndani, na hewa iliyotulia ni kizuia joto kizuri. Tena hupunguza kelele za mvua. Kasoro zake ni mchwa na moto, hivyo hubadilishwa kila yanapochakaa na hayawekwi karibu na taa ya mafuta.

Kati ya dari na bati pawe na matundu ya kutolea hewa ya moto, yaliyozibwa kwa wavu laini.

Sasa ukuta

Msingi na paa vikishapangwa, ukuta huchaguliwa kwa kuangalia saa za matumizi. Matofali mazito hupokea joto polepole mchana na kulitoa polepole usiku. Chumba cha namna hiyo huwa na ubaridi hadi adhuhuri, kisha hubaki na fukuto hadi usiku wa manane. Kinaifaa ofisi au karakana. Ukuta wa mbao hauhifadhi joto. Jua likizama hupoa upesi pamoja na hewa ya nje, nao humfaa anayetaka kulala humo. Mchana hutegemea kivuli na dari nzuri.

Matofali ya kushikamana yanayofyatuliwa kwa mashine kutokana na udongo na saruji kidogo hayahitaji kuchomwa kwa kuni, na huokoa saruji ya kuunganishia. Hata hivyo udongo mweusi unaochimbwa Nyamasaria haufai kuyafyatulia kwa sababu ya kule kufura kwake. Udongo mwekundu hulazimika kununuliwa na kusafirishwa, na gharama hiyo huingia katika hesabu. Paneli za polistirini zilizofunikwa kwa wavu wa chuma na lipu, mfano wa zile za kiwanda cha Shirika la Kitaifa la Nyumba huko Mavoko, huzuia joto na ni nyepesi juu ya udongo dhaifu, ila huhitaji fundi aliyefunzwa.

Kuta za mabati matupu ndizo rahisi na ndizo mbaya zaidi. Aliyekwisha kuwa nazo hahitaji kuzibomoa. Anaweza kupigilia fito upande wa ndani, akaacha nafasi ya hewa, kisha akafunika kwa mbao nyembamba au mikeka.

Kuhusu mbao zenyewe, zinazopatikana kwa wingi ni za saiprasi, msonobari na mkaratusi. Serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018, na Julai 2023 Rais William Ruto akatangaza kuiondoa marufuku hiyo. Mnunuzi na achague mbao zilizokauka sawasawa, kwani mbao mbichi hupinda na kuacha mianya baada ya kiangazi kimoja. Mabanzi, yale maganda ya nje ya gogo, ni nafuu na hupendeza macho kama magogo kamili, lakini ndiyo sehemu inayopendwa na wadudu.

Mchwa na dawa

Mchwa hawali zege, bali hupanda juu yake kwa vijia vya udongo. Nguzo zilizo wazi huonyesha vijia hivyo mapema, na kipande cha bati kilichokunjwa kuelekea chini juu ya kila nguzo huwazuia kupita kwa siri. Ukaguzi ufanywe kila mwezi. Oili chafu ya magari hukaa juujuu na nguvu yake huisha upesi. Mbao zilizotiwa dawa kwa shinikizo kiwandani, ambazo huwa na rangi ya kijani hafifu, hudumu kwa miaka mingi. Dawa hiyo kwa kawaida huwa na aseniki. Vipande vinavyobaki visitumiwe kama kuni kabisa, kwani moshi na majivu yake ni sumu.

Mbu, hewa na jiko

Kanda ya ziwa ndiyo yenye malaria nyingi zaidi nchini Kenya, na mbu wa malaria hupenda kuingia kwa mwanya ulio kati ya ukuta na paa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 katika jarida la Malaria Journal, uliofanywa katika eneo la kilimo cha mpunga magharibi mwa Kenya, ulionyesha kuwa dari za mikeka ya mafunjo zilipunguza sana idadi ya mbu hao ndani ya nyumba. Dari moja, basi, huzuia joto, kelele na mbu. Bado chandarua hakiachwi, na madirisha yawekewe wavu.

Kipimo kinachofaa kwa madirisha ni eneo lisilopungua sehemu moja ya kumi ya sakafu. Chumba cha mita 3 kwa 4 kinahitaji mita 1.2 za mraba, zigawanywe pande mbili ili hewa ipite. Jiko la makaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichozibwa vizuri. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu, nayo huua waliolala.

Sheria

Chumba cha uani nacho ni jengo. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inataka idhini ya kaunti kabla ya kujenga. Karibu na mto huachwa ukanda usiojengwa, angalau mita 6, nao huweza kufika mita 30 kulingana na upana wa mto. Kiwanja cha bei rahisi kando ya maji huenda kiko ndani ya ukanda huo.

Mwenye fedha zisizotosha kumaliza kila kitu kwa mara moja ana utaratibu mmoja wa kufuata. Ainue sakafu na kuchimba mtaro wa maji mwaka huu, aezeke paa la rangi hafifu lenye upenu mpana na dari, kisha azibe kuta kwa kile anachokimudu. Ukuta duni unaweza kubadilishwa baadaye huku watu wakiishi ndani. Msingi uliokosewa haubadilishiki bila kubomoa chumba kizima.