Nyumba na Gereza katika Mchezo wa "Kinjeketile"

Ndugu wanafunzi wa Mwanza na kandokando ya Ziwa, leo tutajifunza historia kwa njia ya mchezo wa kuigiza. Mchezo wenyewe ni "Kinjeketile", ulioandikwa na Ebrahim Hussein na kuchapishwa mwaka 1969. Unahusu vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hadi 1907. Tutatazama mahali pawili tu: nyumbani na gerezani.

Mchezo unaanza kwa wanawake wawili wanaozungumza juu ya shida za nyumbani. Chakula ni haba, kwa sababu waume zao wanalazimishwa kulima shamba la pamba la Wajerumani. Ninyi mnaijua pamba. Wakulima wa Usukuma waliiuza kwa vyama vyao vya ushirika, navyo viliungana mwaka 1955 kuwa chama kikuu kimoja. Lakini kule Umatumbi, zamani za Wajerumani, mwenye jembe hakuwa na sauti. Basi, kabla hatujaonyeshwa gereza, nguvu ya serikali tumekwisha kuiona katika chungu kisicho na kitu.

Kinjeketile naye anatoka nyumbani kwake Ngarambe, anaingia mtoni, kisha anarudi na habari ya maji. Anawaambia watu kwamba wote ni wamoja.

Mwisho wa mchezo uko gerezani. Watu wameshindwa vitani. Kinjeketile anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Akikubali, vizazi vijavyo vitaambiwa kwamba wazee wao walikosea kupigana.

Sasa angalieni jambo hili. Katika historia, Wajerumani walimnyonga Kinjeketile huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa vichanga bado. Kwa nini mwandishi amemwacha aishi mpaka siku ya kushindwa? Ni ili aulizwe swali lile akiwa amefungwa. Neno lililosemwa nyumbani, kati ya ndugu, lilikuwa rahisi kusema. Gerezani neno hilo hilo lina gharama. Maji hayakuzuia risasi, lakini umoja wa makabila mengi ulikuwa kweli, nao ndio Kinjeketile anaokataa kuukana.

Jadilianeni darasani: Je, Kinjeketile alifanya vema kukataa? Kila mmoja aandike jibu lake kwa sentensi tatu. Kwaherini, mpaka somo lijalo.