KIBLA, DIRA YA SUMAKU NA MHIMILI WA DUNIA

Bismillah.

Mwezi uliopita, baada ya swala ya Alasiri, nusura watu wagombane msikitini kwetu. Kijana mmoja aliweka simu sakafuni mbele ya mihrabu akaniambia, "Sheikh, kibla chetu kimepotoka digrii 15." Mwenziwe akaweka ya kwake, ikasema digrii 4. Mzee wetu mmoja wa safu ya kwanza, ambaye alibeba matofali msikiti ule ukijengwa, akauliza kwa uchungu: je, swala zetu za miaka yote hii zimekwenda bure? Nikawaomba wanivumilie hadi kesho yake adhuhuri. Niliyowaeleza nawaandikia na nyinyi, maana najua ugomvi huu si wa msikiti wetu peke yake.

Fahamu kwanza kwamba kaskazini ziko mbili.

Moja ni ya mhimili. Dunia inajizungusha, na mstari ambao inazunguka juu yake ndio mhimili. Mwisho wake wa juu ndio ncha ya kaskazini unayoiona kwenye ramani. Usiku na mchana vinatokana na mzunguko huo. Ncha hii karibu haitikisiki, inayumba mita chache tu.

Ya pili ni ya sumaku. Kiasi cha kilomita 2,900 chini ya miguu yako kuna chuma kilichoyeyuka, kinatiririka na kuchemka. Mtiririko huo ndio unaofanya dunia iwe kama sumaku, na sindano ya dira hufuata sumaku hiyo. Haiujui mhimili. Na kwa kuwa chuma kile hakitulii, ncha ya sumaku nayo haitulii.

Watu waliligundua jambo hili polepole. Huko China, Shen Kuo aliandika mwaka 1088 kwamba sindano haielekei kusini barabara, bali hukengeuka kidogo upande wa mashariki. Kwetu sisi Waislamu, al-Ashraf Umar wa Yemen, mwanamfalme ambaye baadaye alikuwa sultani, aliandika miaka ya 1290 namna ya kutafuta kibla kwa sindano inayoelea kwenye bakuli la maji. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yanayojulikana kuhusu dira na kibla. Karne ya 15, al-Wafa'i, mwanafalaki wa Cairo, alitaja kwamba hapo mjini kwake sindano inapinda digrii 7. Tazama hima ya watu wale! Hawakuona haya kusema kwamba chombo kina kasoro, wakaipima kasoro yenyewe.

Baadaye ikajulikana kwamba hata kupinda kwenyewe hubadilika. Mjini London, mwaka 1580, sindano ilipinda digrii 11 upande wa mashariki. Mwaka 1634 Henry Gellibrand akapima, akakuta zimebaki kama 4. Mwanzoni mwa karne ya 19 ilikwishahamia magharibi, digrii 24 hivi. Mji ni ule ule! Mwaka 1831 James Clark Ross aliifikia ncha yenyewe ya sumaku kwenye barafu za kaskazini mwa Kanada, na mwanzoni mwa karne ya 20 Roald Amundsen akathibitisha kwamba imehama. Tangu miaka ya 1990 imekuwa ikikimbilia Siberia, kwa kasi iliyofika kama kilomita 50 kwa mwaka. Vipimo vya dunia vinavyotumiwa na meli, ndege na simu zetu hutolewa upya kila miaka mitano, lakini Februari 2019 ilibidi virekebishwe kabla ya wakati wake.

Sasa turudi pwani. Hapa Mola ametufanyia wepesi wa ajabu. Makkah, Mombasa, Tanga, Unguja, Dar es Salaam na Kilwa, zote ziko kati ya digrii 39 na 40 za longitudo ya mashariki. Kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini ya mhimili, kasoro kidogo sana. Ndiyo maana katika Kiswahili cha wazee neno kibla lilitumika pia kwa maana ya kaskazini. (Ndugu zetu wa Kigoma wasilichukue hili, wao lazima waegemee mashariki. Na walioko Muscat wanaelekea karibu magharibi kabisa.)

Kupinda kwa sindano hapa kwetu ni digrii chache. Aliye Cape Town hupata kama 25, akifuata sindano tupu bila kuirekebisha anaikosa Makkah kwa mbali. Hata kwetu, digrii moja ikifika Makkah ni kama kilomita 50. Maulamaa wengi wamesema aliye mbali inamtosha upande, lakini katika madhehebu yetu ya Shafi tunafundishwa kuilenga Kaaba yenyewe kwa juhudi zetu. Na mwenye kujitahidi kisha akaswali miaka yote hiyo, simwambii kwamba swala yake ni bure.

Basi kesho yake tulichomeka fimbo uani, tukainyoosha kwa timazi, tukatia alama ncha ya kivuli kila dakika chache. Kivuli kilipokuwa kifupi kuliko vyote, kilikuwa kimelala juu ya mstari wa kaskazini na kusini ya mhimili, kwani jua halivutwi na sumaku. Tukavuta kamba hadi ndani. Katika urefu wa mita 3, mihrabu iliachana na kamba kwa vidole vinne. Zile digrii 15 zilikuwa za spika kubwa iliyokuwa hatua moja kutoka simu ilipowekwa. Spika ina sumaku ndani, na chini ya zege kuna nondo. Tulipoitoa simu ile nje uani, ikakubaliana na kamba.

Tarehe 28 Mei jua litakuwa juu ya Kaaba saa sita na dakika 18 mchana, kwa saa za Makkah ambazo ndizo saa zetu. Vilevile tarehe 16 Julai, saa sita na dakika 27. Mwaka mrefu ni siku moja kabla. Wakati huo ukilielekea jua umeielekea Kaaba. Sisi tutakuwa uani na fimbo yetu, na timazi atashika kijana yule yule wa digrii 15. Ameomba mwenyewe.

Wallahu aalam.