Tofali la kuchoma na udongo mweusi wa Kitengela

Anayesafiri kutoka Athi River kuelekea Kitengela, Isinya na Kajiado huona nyumba nyingi za mawe ya kuchongwa na chache mno za matofali ya udongo yaliyochomwa. Katika Ukambani inayopakana na Kajiado, au Kisii na Uganda, tanuri za matofali ni jambo la kawaida kando ya mashamba. Tofauti hiyo imeletwa na udongo, na mfano wake unapatikana Asia Kusini, mojawapo ya sehemu za kale zaidi duniani kwa ujenzi wa tofali la kuchoma.

Miji ya Harappa na Mohenjo-daro, katika bonde la mto Indus ambalo sehemu yake kubwa sasa iko Pakistan, ilijengwa kwa matofali hayo yapata mwaka 2600 kabla ya Kristo. Vipimo vyake vilikuwa na uwiano mmoja: kimo kikiwa moja, upana ni mbili na urefu ni nne. Kwa njia hiyo mwashi aliweza kulaza mengine kwa urefu na mengine kwa upana, ukuta ukafungamana. Matofali ya Harappa yalikuwa imara kiasi kwamba katika karne ya 19 wajenzi wa reli ya Lahore hadi Multan waliyachimbua na kuyatandika chini ya mataruma. Kutoka Punjab hiyo hiyo walitoka wengi wa vibarua wapatao 32,000 walioletwa kujenga reli ya Mombasa hadi Ziwa Victoria kati ya 1896 na 1901.

Hata hivyo, si India yote iliyotegemea tofali. Ufundi huo ulistawi hasa katika mabonde ya Indus na Ganga, ambako mito huleta udongo laini na mawe ni adimu. Kwenye uwanda wa juu wa Deccan, ardhi ni ya miamba ya volkano na udongo mweusi unaostawisha pamba. Huko majengo mengi makuu ni ya mawe, likiwemo Gol Gumbaz, kaburi la kifalme la karne ya 17 mjini Bijapur. Jina la udongo huo ndilo lililohamia Kenya: mafundi wa Kitengela huuita black cotton, ingawa eneo hilo linajulikana kwa ng'ombe wala si kwa pamba.

Udongo huo hufyonza maji na kuvimba wakati wa mvua, kisha husinyaa na kuacha nyufa pana wakati wa kiangazi. Tofali lililofinyangwa kwao hupinda na kupasuka kabla halijafika tanurini. Nchini India kasoro hiyo hupunguzwa kwa kuchanganya mchanga au jivu la makaa ya mawe.

Adui wa pili ni vijiwe vyeupe vya chokaa vilivyomo udongoni. Vikichomwa hugeuka chokaa hai. Tofali likipata maji, chokaa hiyo hutanuka na kulipasua kutoka ndani. Vijiwe hivyo huitwa kankar, neno la Kihindi lililoingia katika jiolojia ya Kenya. Ajabu ni kwamba kitu hicho kinachoharibu tofali kimechimbwa katika nyanda hizo kuwa malighafi ya saruji ya Athi River.

Kisha kuna kuni. Tofali huhitaji joto la nyuzi 900 hadi 1,000 za Selsiasi, na tanuri ya kienyeji hula miti mingi. Kajiado ni kame, na migunga yake tayari huandamwa na wachoma makaa.

Wamaasai hawakuhitaji tofali. Enkaji, nyumba inayojengwa na wanawake kwa fito, udongo na samadi ya ng'ombe, ilifaa maisha ya kuhama na mifugo. Mambo yalibadilika baada ya ranchi ya kikundi ya Kitengela kugawanywa mwaka 1988, na baada ya viwanda vya bidhaa za kuuza nje kuanzishwa Athi River miaka ya 1990. Ploti ziliuzwa, na sensa ya 2019 ikahesabu zaidi ya watu 150,000 mjini Kitengela. Waliojenga waliagiza mawe, mengi yakitoka machimbo ya Ndarugu karibu na Juja.

Lakini jiwe haliokoi nyumba iliyosimama juu ya udongo mweusi. Mwenye ploti aliyeishiwa na fedha hushawishika kubana matumizi chini, mahali pasipoonekana, na miaka michache baadaye nyufa za mshazari hujitokeza kwenye pembe za madirisha. Fundi mwangalifu huondoa udongo huo hadi kwenye mwamba au tabaka gumu, hujaza mawe na changarawe na kushindilia, kisha huelekeza maji ya paa mbali na msingi.

Tangu 2006 wizara inayohusika na makazi imehimiza matofali yanayoshindiliwa kwa mashine, yenye saruji kidogo na yasiyochomwa. Hayo huhitaji udongo mwekundu, ambao kwa Kitengela ni lazima usafirishwe.

Anayenunua matofali ya kuchoma kutoka Ukambani anaweza kuyapima mwenyewe. Mawili yakigonganishwa yanapaswa kulia kama chuma, na ukucha usiache alama. Lililolowekwa siku nzima lisiongeze zaidi ya sehemu moja ya tano ya uzito wake. Likionyesha madoa meupe yanayomeguka, ni heri lirudishwe kwa mwuzaji.