Oksidi za Radi, si Ozoni ya Radi

Usiku wa manane, wavuvi wa omena wa Homa Bay wakiwa majini na taa zao, pepo za nchi kavu hukutana juu ya Ziwa Victoria, huinua hewa yenye unyevu, na mawingu yakaanza kupiga radi. Mchana mambo hugeuka: upepo wa ziwa hupanda nchi kavu, na radi huhamia Migori na milima ya Kisii. Anayetaka kueleza kwa Kiswahili jinsi radi hizo zinavyogusa ozoni hushawishika kusema “ozoni ya radi”. Nashikilia kwamba jina hilo linapotosha. Istilahi ifaayo ni “oksidi za radi”.

Hoja yangu imo katika mfuatano wa matukio. Njia ya radi hufikia joto la nyuzi 30,000 hivi, likavunja molekuli za nitrojeni na oksijeni, na atomu zake zikaungana upya kuwa oksidi ya nitrojeni. Gesi hii si ozoni. Usiku hata huila ozoni iliyopo, ikageuka dioksidi ya nitrojeni. Jua linapochomoza ndipo mwanga huimega dioksidi hiyo. Atomu ya oksijeni iliyobanduka hujiunga na molekuli ya oksijeni, na ozoni huzaliwa. Karibu na ardhi oksidi hizi hutoweka upesi, lakini kilomita 10 juu hudumu siku kadhaa, na ozoni inayotokana nazo huko huzuia joto lisitoke duniani. Kwa hiyo radi huleta malighafi. Mtengenezaji ni jua.

Wapo watakaosema kwamba radi pia huunda ozoni moja kwa moja. Kweli, ila kiasi chake ni kidogo mno kikilinganishwa na kile cha jua. Wengine watapendelea “oksidi za umeme”. Lakini kwa msomaji wa leo umeme ni ule wa nyaya na mita, naye atadhani tunashtaki mitambo. Na anayeona “ozoni ya radi” ni nyepesi zaidi azingatie maputo ya vipimo yanayorushwa Nairobi tangu miaka ya 1990: husoma kiasi cha ozoni katika kila kimo, lakini hayawezi kutenga iliyotokana na radi na ile ya moshi wa mashamba yanayochomwa. Ozoni ikishachanganyika haina chapa. Tuiite radi kwa kile inachokizaa yenyewe: oksidi.